Hina Iliyotoka Kama Piko: Kuchagua Taa za Studio ya Nyumbani kwa Bei Nafuu

Shemeji yangu huchora hina chumbani kwake Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na tangu mwaka jana amekuwa akijirekodi kwa simu ili familia za maharusi zione kazi yake kabla ya kumwita. Alianza na glopu moja ya LED iliyokuwa darini. Video zikatoka na giza, akaongeza ya pili, kisha ya tatu, kila moja ikiwa na wati nyingi kuliko iliyotangulia. Chumba kikang'aa kama duka la sonara. Siku moja akaniita akiwa amekereka: "Shemeji, mbona hina yangu yatoka kama piko?" Nikautazama mkono wa binti aliyekuwa amechorwa, nikatazama kioo cha simu, nikaona ana haki ya kulalamika. Mkononi rangi ilikuwa ya kahawia iliyokolea wekundu, kama inavyopaswa kuwa siku ya pili baada ya kubanduliwa. Kwenye simu ilikuwa nyeusi iliyofifia, kama piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, na ngozi ya binti mwenyewe ilikuwa imeingia ukijani kama wa mtu aliyeamka na homa. Kila alipoongeza taa, hina ilizidi kuwa piko.

Kosa lake ni la wengi wetu, na linaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "mwanga" kana kwamba ni kitu kimoja cha kuongezwa na kupunguzwa, kama chumvi mchuzini, ilhali kamera huupokea kama mambo kadhaa yasiyotegemeana: wingi wake, rangi yake, upana wa mahali unapotokea, na utulivu wake ndani ya kila sekunde. Taa inaweza kuwa kali na bado ikaharibu rangi; inaweza kuwa na rangi safi na bado ikachora kivuli kigumu cha pua shavuni. Dukani utaulizwa wataka wati ngapi, kwa sababu wati ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kwa studio ya nyumbani, hata hivyo, wingi wa mwanga ndilo jambo rahisi kuliko yote kulipata, na kwa maoni yangu ndilo la mwisho kulilipia.

Wati hueleza umeme unaoliwa, si mwanga unaotoka. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni: glopu ya zamani ya waya ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na glopu ya LED hutoa kiasi hicho hicho kwa wati 8 hadi 10. Karibu umeme wote uliobaki katika glopu ya zamani uliishia kuwa joto. Mimi mwenyewe nililipuuza jambo hili nikaadhirika. Nilinunua mataa mawili ya halojeni ya wati 500 kila moja, yale ambayo mafundi wa ujenzi huyatumia wakifanya kazi usiku, kwa kuwa yalikuwa makali na ya bei rahisi. Ulikuwa mwezi wa Februari, joto la kaskazi limekaza, chumba kiko Majengo na kina dirisha moja tu. Pangaboi tulilizima kwa sababu maikrofoni ilikuwa ikinasa mvumo wake. Baada ya dakika 10 mgeni wangu, mzee aliyekuja kusimulia jinsi majahazi yalivyoundwa zamani, alikuwa akijipangusa jasho kwa kilemba, na baada ya dakika 20 aliomba radhi kwa adabu zake zote akatoka kukaa barazani. Kilowati moja ndani ya chumba cha mita 3 kwa 4 ni kama pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka katikati ya mazungumzo. Katika mji ambao kurekodi sauti safi kunalazimu kuzima pangaboi, LED ndiyo taa pekee yenye maana, na inapunguza gharama vilevile: taa ya wati 60 ikiwashwa kwa saa 4 hula robo tu ya uniti moja ya tokeni.

Hata taa ndogo huwa kubwa ikisogezwa karibu, na hapa pana hesabu moja ambayo ina faida kuliko taa ya pili. Mwanga wa taa hupungua kwa mraba wa umbali: ukiihamisha taa kutoka mita 1 hadi mita 2, uso haupati nusu ya mwanga bali robo yake, na ukiipeleka mita 3 unapata sehemu moja ya tisa. Maana yake ni kwamba taa ya wastani iliyo mita moja kutoka usoni hufanya kazi ya taa yenye nguvu mara nne iliyowekwa mita mbili. Faida ya pili hutokea kwenye ukuta wa nyuma. Mtu akiwa mita 1 kutoka kwenye taa, na ukuta ukiwa mita 3 kutoka kwenye taa hiyo hiyo, ukuta hupokea sehemu moja ya tisa ya mwanga unaompata mtu, hivyo chumba chenye kabati na nguo zinazoning'inia kinajificha gizani chenyewe bila kununua pazia la studio. Isogeze taa mbali na mtu, na mambo yatakuwa mengine. Kwa hesabu hiyo hiyo, asiye na taa ya kupunguzwa ukali hana haja ya kusikitika: kuirudisha nyuma kutoka mita 1 hadi sentimita 140 hupunguza mwanga kwa karibu nusu, na hatua hiyo haigharimu kitu.

Sasa turudi kwenye hina. Rangi ya mwanga ina pande mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Upande wa kwanza ni ujoto wa rangi, unaopimwa kwa Kelvini: glopu ya manjano ya sebuleni iko kwenye 2700 hadi 3000, jua la mchana linakadiriwa kuwa 5600 hivi, na glopu nyingi zinazouzwa kwa jina la taa nyeupe ziko kwenye 6500, ambazo kwa kweli zina ubuluu. Hakuna namba iliyo mbaya. Kamera ikiambiwa weupe uko wapi itajirekebisha, mradi taa zote za chumbani ziwe na namba moja. Kinachoharibu kazi ni mchanganyiko: upande mmoja wa uso unapata mwanga wa dirishani, upande wa pili unapata glopu ya manjano, na hakuna marekebisho yanayoweza kuziridhisha pande zote mbili. Simu nayo, ikiachwa iamue yenyewe, hubadili rangi katikati ya video kila mtu anapoinua mkono wenye kanga nyekundu mbele ya lenzi. Mji wa Kale una mtego wake wa ziada: vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba mwanga unaoingia dirishani mara nyingi si wa mbinguni moja kwa moja bali umegonga kwanza ukuta wa jirani, na jirani akipaka ukuta wake rangi ya manjano, wewe ndiye utakayekuwa na homa ya manjano kwenye video.

Upande wa pili ndio uliomkosesha shemeji yangu wateja. Huu ni uaminifu wa taa kwa rangi, ambao kwenye boksi huandikwa CRI au Ra na kufikia 100. Ili kuuelewa inafaa kujua LED nyeupe hutengenezwaje: ndani yake kuna chipu inayotoa mwanga wa buluu, iliyofunikwa kwa unga maalumu unaogeuza sehemu ya ubuluu huo kuwa manjano, na vikichanganyika jicho linaona weupe. Jicho linaridhika, lakini katika mchanganyiko huo wa bei rahisi wekundu ni haba, na kitu chekundu hakiwezi kuonyesha wekundu ambao taa haikuuleta. Hina, nyanya, biriani, midomo, na damu inayopita chini ya ngozi ya mtu wa rangi yoyote, vyote vinategemea sehemu hiyo iliyopungua. Shemeji alikuwa na glopu tatu zisizo na wekundu. Tatu zilimpa ukosefu uleule wa wekundu kwa ukali mara tatu.

Namba ya CRI yenyewe inaweza kukudanganya bila kusema uongo. Hutokana na wastani wa rangi 8 za majaribio, zote zikiwa za kupauka, na rangi nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo katika wastani huo. Ndiyo maana glopu ya kawaida ya nyumbani huandikwa CRI 80, namba inayosikika kama alama nzuri ya mtihani, huku R9 yake ikiwa karibu na sifuri. Kwa video tafuta CRI 95 au zaidi, na pale mtengenezaji anapoitaja R9, chagua inayozidi 90, asipoitaja, shuku. Kwa kuwa maandishi ya boksi hayana wa kuyahakiki, mimi huenda dukani na nyanya mbivu kutoka Marikiti. Naiweka chini ya taa kiganjani, naipiga picha, kisha natoka hadi mlangoni na kuipiga tena kivulini mchana. Nyanya ikigeuka kutu chini ya taa, naishukuru taa na kuirudisha. Muuzaji mmoja aliniuliza kama nanunua taa au nauza mboga, nikamwambia nitajua baada ya dakika mbili.

Jambo la tatu, upana wa chanzo, ndilo linalotofautisha video inayoonekana ya kitaalamu na ile inayoonekana kama kamera ya ulinzi, na ajabu ni kwamba ndilo lenye bei ndogo. Ugumu wa kivuli hautokani na ukali wa taa. Hutokana na jinsi taa inavyoonekana ndogo au kubwa kutoka pale alipokaa mtu. Jua ni kubwa mno lakini liko mbali, hivyo kwetu ni kidoa, nalo huchora kivuli chenye ukingo kama wa wembe. Likipita wingu mbele yake, wingu lote hugeuka kuwa taa, na vivuli vinayeyuka. Kazi yako ni kutengeneza wingu. Barabara ya Biashara, penye maduka ya vitambaa, haiko mbali, na kitambaa kinachofaa ni bafta nyeupe au melimeli, upana wa mita 1 au zaidi, kilichotandazwa kwenye fremu ya mabomba ya plastiki ya fundi bomba na kuwekwa kati ya taa na mtu. Leso, yaani kanga, isitumike, hata ile yenye weupe mwingi, kwa sababu maua yake yataupaka mwanga rangi. Taa ikae nyuma ya kitambaa kwa umbali unaotosha kukijaza chote, si doa la katikati tu, kwa kuwa chanzo cha mwanga sasa ni lile eneo la kitambaa linalong'aa. Fremu nayo isogezwe karibu na mtu kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye picha, maana kitambaa cha mita moja kikiwa mita tatu mbali kimeshakuwa kidogo tena. Kitambaa hula mwanga mwingi, mara nyingi nusu yake au zaidi, na hapa ndipo wati za ziada zina kazi halali.

Kwa ngozi nyeusi upana huu si anasa. Taa ndogo kali huacha doa linalowaka kwenye paji la uso na ncha ya pua, na kwingine kote giza. Watu hujaribu kuliondoa giza hilo kwa kuongeza ukali, na doa linazidi. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao mpana unaoufuata mfupa wa shavu taratibu, na mng'ao huo ni taswira ya taa yenyewe ikiakisiwa usoni: taa pana, mng'ao mpana. Mavazi yetu yanaongeza shughuli. Kanzu nyeupe hurusha mwanga kidevuni na shingoni kutoka chini, kwa hiyo mvaaji wake hahitaji taa ya kujazia vivuli. Buibui jeusi hufyonza kila kitu, na mvaaji wake atahitaji bango jeupe mapajani, nje kidogo ya picha, ili macho yasizame. Wakikaa pamoja, aliyevaa kanzu akae mbali kidogo na taa kuliko mwenzake. Bango lenyewe ni karatasi ya manila iliyobandikwa kwenye katoni. Taa ya pili ya kujazia vivuli, ile inayotajwa katika kila mwongozo, sijawahi kuiona ina faida kuishinda manila.

Ile taa ya duara inayowekwa simu katikati, ambayo sasa iko katika kila saluni, niiseme kwa haki. Kwa kujipamba na kwa kazi za mikono zinazorekodiwa kutoka juu inafaa, kwa sababu huondoa vivuli. Uso wa mtu anayezungumza huubamiza ukawa bapa, na aliyevaa miwani hugeuka kuwa na pete mbili machoni.

Mwongozo mwingi tunaousoma umeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, na kuna mashauri mawili yake yanayotupotosha waziwazi hapa. La kwanza ni kwamba dirisha bora ni la upande wa kaskazini kwa kuwa halipigwi na jua. Hilo ni kweli kwa Ulaya. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, na jua hupita juu ya kichwa chetu mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Kati ya Machi na Septemba saa sita ya mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Habari njema ni kwamba wakati huo huwa juu sana, kamwe si chini ya digrii 62 hivi, kiasi kwamba upenu wa kawaida wa nyumba hulizuia lisiingie ndani. Kwa hiyo madirisha ya kaskazini na kusini yote hutumika karibu siku nzima, na yanayotaka saa ni ya mashariki na magharibi: dirisha la mashariki lingoje mchana, la magharibi litumike asubuhi. Dirisha ni taa pana yenye rangi kamili ambayo haipitii kwenye mita, na anayeanza bila pesa aanze nalo, akiketi ubavu kwa dirisha, manila ikiwa upande wa pili. Udhaifu wake ni mawingu. Siku za masika mwanga hupanda na kushuka katikati ya sentensi, basi bonyeza uso kwenye kioo cha simu na kushikilia hadi kipimo kijifunge, vinginevyo video itapumua. Jua nalo huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na hapo ndipo mtu wa ajira anaporudi nyumbani, ndiyo sababu wengi wetu tunaishia kununua taa.

Shauri la pili linahusu kasi ya kurekodi, yaani kunasa fremu (picha) 30 kila sekunde. Umeme wa Marekani una mizunguko 60 kwa sekunde, wetu una 50, na simu nyingi hutufikia zikiwa zimepangwa kurekodi fremu 30 kwa sekunde kama kule. Taa isiyo na saketi nzuri ya kusawazisha umeme hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde hapa kwetu. Jicho halioni. Kamera inayofungua shata, yaani kipenyo kinachoruhusu mwanga kuingia, kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde hupata mpepeso mmoja na kipande cha wa pili, na kipande hicho hubadilika kutoka fremu hadi fremu, ndipo michirizi ya kivuli inapopanda ukutani kama maji. Panga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 au 1/100, na mipepeso itaingia mizima kila mara. Kabla ya kununua, irekodi taa kwa mwendo wa polepole wa simu ukiwa dukani. Ikipepesa kwenye kioo kama moto wa mshumaa, iache, kwa sababu siku utakayorekodi karibu na dirisha simu itaifupisha shata yenyewe na michirizi itarudi. Zijaribu pia zikiwa zimepunguzwa ukali, maana taa nyingi rahisi hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha haraka haraka. Nimewahi kutafuta mpepeso wa aina hii kwa saa nzima, nikibadilisha mipangilio yote ya simu, kabla ya kuinua macho na kuona kwamba taa ya darini ilikuwa juu ya mapanga ya pangaboi.

Mwenye pesa za taa moja tu, basi, anunue moja ya kweli kuliko seti ya tatu za bei ileile. Taa ya chipu moja ya wati 60 hivi, CRI 95 au zaidi, yenye kishikio cha aina ya Bowens kinachopokea vifaa vya watengenezaji wengi, ikiwekwa nyuma ya bafta, humtosha mtu mmoja au wawili wanaozungumza. Asiyeweza kufika huko atafute glopu za kawaida zenye CRI ya juu, azifunge nne kwenye holda zilizopangwa juu ya ubao mmoja nyuma ya kitambaa, fundi wa stima azikague nyaya zake. Stima hupotea, kwa hiyo paneli ndogo ya taa inayotumia betri za kamera za video za aina ya NP-F ni nunuo la pili la busara, na siku za kawaida hukaa nyuma ya mtu ikimtenga na ukuta. Stendi ya taa iongezewe kidumu cha lita 5 chenye maji mguuni, kwa sababu upepo wa kusi ukiingia dirishani hulichukua lile fremu la bafta kama tanga, na ikishatumika ipanguswe kwa kitambaa kikavu. Hewa ya chumvi hula skrubu zake kwanza.

Shemeji ameziondoa glopu zake tatu darini wakati wa kurekodi. Ana taa moja, bafta ya mita moja na robo, na manila iliyokwishaingia madoa ya hina pembeni. Sakafuni amebandika vipande vya utepe vinne: viwili vya miguu ya fremu, kimoja cha taa, kimoja cha kigoda anachokalia bibi harusi, ili video ya leo ifanane na ya wiki iliyopita. Mkwe wangu mdogo huvibandua kila akifagia, na kila mara shemeji huchukua futi yake ya kushonea na kupima upya kutoka kwenye taa hadi kwenye kigoda: sentimita 110.